Pikapu ya Mzee na Magunia Manne ya Majani

Mzee wetu alipofariki aliacha shamba la chai la ekari mbili, ng'ombe watatu wa maziwa, mjane mmoja, mimi, na pikapu ya Kifaransa iliyokuwa imesimama kwenye banda la ng'ombe miaka sita bila kuguna. Ukiniuliza ni kipi kati ya hivyo kilinikosesha raha, nitakwambia ni pikapu. Hivyo vingine vilijua kujitunza. Pikapu ilikuwa imeoza kiasi kwamba ukipiga chafya karibu nayo mlango unaanguka. Kuku mmoja alikuwa ametaga chini ya kiti cha dereva, wajukuu wake wakatagia papo hapo, na nina hakika hapa Mogogosiek kuna ukoo mzima wa kuku ambao hawajui kwamba watu wengine hutumia magari kusafiri.

Nasema haya kwa kucheka kwa sababu ndivyo nilivyo. Hata siku ya mazishi mimi ndiye niliyeshika maikrofoni. Nilisimulia vituko vya Mzee, watu wakacheka mpaka hema likatikisika, mchungaji akaangalia saa yake mara mbili. Wengine waliondoka wakisema nina moyo wa chuma. Haikuwa chuma. Ukishika grainda ya kusugua kutu kwa saa mbili, mikono hufa ganzi. Unaviona vidole, unavihesabu, vyote vipo, lakini hata ukivichoma sindano havikwambii kitu. Mimi nilikuwa hivyo kuanzia shingoni kwenda chini. Nilikula, nikaenda kazini Sotik kwenye duka la vifaa vya ujenzi ninakouza misumari na mabati, nikarudi, nikalala. Machozi niliyangoja wiki ya kwanza, nikayangoja ya pili, kisha nikaacha kuyangoja, kama vile stima ikipotea sana watu huacha kubonyeza swichi.

Mwaka ukapita hivyo. Ndipo mtu wa Nakuru akaja.

Alikuwa mstaafu mpole mwenye kofia ya sufu, ambaye siku hizi kazi yake ni kuzunguka mashambani akitafuta magari ya zamani. Huyanunua, huyafufua, huyang'arisha, kisha Jumapili huyapeleka uwanjani ili wenzake wenye ugonjwa kama wake wayatazame. Aliizunguka pikapu yetu mara tatu, polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Aligonga boneti kwa kifundo cha kidole. Akachungulia ndani, akaiona ile gia ndefu inayotoka kwenye usukani, akashusha pumzi. Hakujali kutu. Hakujali kuku. Alisema ataichukua hivyo hivyo, na bei aliyotaja ilikuwa ya heshima.

Mama akampa chai, akamwambia arudi baada ya miezi mitatu. Aliondoka akigeuka nyuma kila hatua kumi.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni. Sikumbuki nilisema nini, lakini lazima kilikuwa kitu kirefu kuhusu mali ya Mzee, na aibu ya kuipeleka Nakuru kusimama kwenye nyasi ikipigwa picha, kwa sababu Mama alingoja nimalize, akamwaga majani ya chai yaliyobaki kwenye birika, ndipo akasema yake.

"Hiyo gari ilikuwa ya majani. Baba yako hakununua pambo. Kama utaiamsha, ibebe majani yetu mpaka kituo cha chai na yapokelewe, itabaki. Ikishindwa, yule mzee aje aichukue. Banda ni la ng'ombe."

Nilikubali kabla hajainuka.

Ningeweza kueleza kwa nini nilitaka ibaki, na nimejaribu mara nyingi, lakini kila mara naishia kueleza mambo mengine. Nitasema hivi tu. Nilipoamua kurudi shule nikiwa na miaka thelathini na mbili, madarasa ya jioni, Mzee ndiye aliyenipeleka siku ya kwanza kwa pikapu hiyo. Alinishusha langoni kama mtoto wa nasari, akaniambia nisipigane na wenzangu. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa masikio, na fizikia niliipita vizuri hata nikadhani Nairobi watapiga simu. Hawajapiga. Yeye alikuwa ndiye mtu pekee aliyeamini kwamba watapiga, na kila nikirudi nyumbani aliuliza.

Basi, injini nilikuwa naijua kwenye karatasi. Inavuta, inabana, inalipuka, inatoa. Ningeweza kukuchorea kwenye vumbi kwa kijiti. Tatizo ni kwamba kwenye karatasi boliti hazigandi.

Nilianzia Sotik kwa mzee wa vipuri. Watu wake walitoka upande wa Nyeri kabla mimi sijazaliwa, na duka lake lina vitu ambavyo nadhani viliachwa na gharika. Alivaa koti la bluu lenye mafuta ya kutosha kuendesha trekta. Nilimwekea kabureta yetu juu ya kaunta. Aliigeuza kwenye mwanga, akaona ndani yake nyumba ya nyigu iliyojengwa kwa ufundi.

"Kijana, umeniletea kabureta ama kiota?"

"Vyote viwili, mzee wangu."

"Basi kiota ni bure. Kabureta ndiyo tutaongea."

Tuliongea wiki nyingi. Kila nikifunga duka letu saa kumi nilipita kwake. Nyuma ya kaunta alikuwa na pikipiki ya zamani yenye tangi jekundu, ambayo huiosha kila Jumapili akitoka kanisani, akaiwasha, akaisikiliza kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari, kisha akaizima. Haijawahi kutoka nje ya geti. Siku moja nilimuuliza kwa nini haiendeshi, akanitazama kama nimemwambia achinje paka. Ni yeye aliyenifundisha kwamba gari la zamani halipigwi nyundo. Unalipaka mafuta, unalifunika, unakwenda zako, unarudi kesho na kuligusa tena. Alinifundisha kusugua kabureta kwa mswaki na kuondoa gasketi kuukuu kwa kisu cha kupakia siagi. Siku nyingine alifunga duka saa sita mchana tukaenda naye kwa pikipiki ya kukodi, si ile yake, mpaka Chepilat, kwa sababu alisikia kuna mtu ana mlango.

Kweli alikuwa nao. Mwenye poshomili ya kusaga mahindi pale Chepilat alikuwa ameufunga kwenye zizi la kondoo. Mlango wa kushoto, kioo kizima, hata ile mikono ya kufungulia ipo. Kondoo walikuwa wanaingia na kutoka kama mabwana wakubwa. Nilimletea mlango mpya wa mabati kutoka kazini kwetu, tukabadilishana, naye akanisindikiza hadi barabarani akiniangalia kwa huruma, akimuuliza mzee wa vipuri kwa sauti ya chini kama mimi ni mzima.

Sikuwa mzima, lakini mikono ilikuwa na kazi. Jumamosi na Jumapili baada ya ibada nililala chini ya hiyo pikapu mpaka ng'ombe wakaanza kunichukulia kama mmoja wao. Nilifungua breki, nikatoa matope ya barabara ambazo siku hizi zina lami. Nilitoa radieta, nikamwaga kitu ambacho hakikuwa maji na hakikuwa uji. Kiti nilikishona upya kwa turubai. Chini ya mkeka wa sakafuni nilipata karatasi za kituo cha majani za zamani, zimekunjwa, kila moja imeandikwa kilo ngapi kwa mwandiko wa Mzee, nikazisoma zote kama mtu anayesoma tangazo la mtu mwingine, nikazirudisha mahali pake. Kabureta niliifungua juu ya meza ya kulia. Mama alikuja, akatandika gazeti chini yake, akaenda zake.

Injini iliwaka Jumapili moja alasiri. Tuliisukuma kutoka bandani, mimi na wanaume wanne wa jirani waliokuwa wametoka kanisani na suti zao, na iliposhika gia ilitoa moshi mwingi hata nadhani mpaka Bureti watu waliondoa nguo kwenye kamba. Wale wanaume walipiga makofi. Mmoja akaomba tufanye sala fupi, tukafanya, boneti ikiwa wazi. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa wiki saba. Nilisimama mkono ukiwa juu ya kichungi cha hewa, nikangoja nisikie kitu. Nilisikia tapeti za silinda ya tatu zikigonga. Nikachukua spana.

Tangu siku hiyo kila jioni nikitoka kazini, saa kumi na moja na nusu hivi, niliiwasha dakika kumi ili betri ishibe. Ilikuwa inaunguruma vizuri zaidi kila siku. Mzee wa vipuri nilimpigia simu nikamwekea simu karibu na injini, akasikiliza, akasema silinda ya tatu bado inalalamika lakini ni malalamiko ya uzee, si ya ugonjwa.

Ikabaki rangi.

Hapa nataka nieleweke. Pikapu ya Mzee ilikuwa ya rangi ya maziwa yaliyomwagika na kuachwa. Mimi ni mtu ninayeuza rangi kila siku. Ninajua rangi zote zilizo dukani kwetu kwa majina na kwa tabia. Nilipiga msasa kwa wiki mbili, nikajaza mashimo, nikapiga msasa tena mpaka bodi ikawa laini kama shavu la mtoto, nikaazima kompresa, na Alhamisi, siku niliyoomba ruhusa kazini, nikaipuliza rangi ya samawati. Samawati ya ndani kabisa, ile unayoiona angani Kericho siku mbili tu kwa mwaka. Nikapuliza milango, boneti, paa. Nikapuliza na karai la nyuma la kubebea mizigo, ndani na nje, mpaka kwenye kona ambazo jicho la mtu haliwezi kufika. Nilisema kazi ya Mzee haitapakwa rangi nusu.

Kwenye kopo imeandikwa inakauka kwa siku moja. Waliandika hivyo wakiwa mahali penye jua. Ijumaa mvua ilinyesha tangu saa saba, ukungu ukashuka mpaka kwenye migomba, nami nikaigusa kwa kidole jioni nikaona kidole hakinati. Nikasema imekauka.

Miezi mitatu ilikuwa inaisha Jumamosi inayofuata, siku ambayo mtu wa Nakuru alisema atarudi. Majani yalikuwa yamechumwa. Kwa hivyo niliamua ni kesho yake au basi.

Asubuhi Mama alitoka akiwa na shali yake, akasimama nyuma ya pikapu nilipokuwa napakia. Magunia manne, yamejaa vizuri, majani mawili na kichipukizi, kazi ya mikono yake kwa siku mbili. Aliweka kiganja chake kwenye ukingo wa karai, akakitoa, akakitazama. Jirani yetu, mama mmoja ambaye ulimi wake ni mrefu kuliko barabara ya Litein, alikuwa amekuja na kikapu chake mgongoni akitaka lifti, maana alisema hawezi kukosa kupanda gari la marehemu siku linapofufuka. Alitaka kutupa kikapu juu ya magunia yetu. Mama akamshika mkono.

"Wewe kaa mbele na kikapu chako. Kipakate."

Nilidhani ni heshima anampa mgeni.

Tulishuka barabara ya kituoni kama harusi. Gia ya pili ilikuwa ngumu, lakini mimi nayo tulikuwa tumeelewana. Watu walisimama kando. Wachumaji wa chai waliinua vichwa. Mwenye duka la pembeni alitoka na mizani mkononi. Jirani yangu alipunga mkono kila upande kama malkia, huku akinieleza kwamba Mzee alikuwa anaendesha polepole zaidi, kwamba Mzee hangepita kwenye shimo lile, kwamba kwa kweli rangi hii ingemchekesha Mzee mpaka akae chini. Nilimwambia nimeshangiliwa na watu elfu mbili. Akasema amehesabu kumi na saba, na mmoja wao alikuwa anatuuliza njia.

Kituoni kulikuwa na foleni. Karani alikuwa dada wa miaka ishirini na kitu, ana koti la kijani na kalamu kwenye nywele. Alichukua kikapu cha jirani kwanza, akatia mkono ndani mpaka kiwiko, akatoa konzi ya majani, akaiangalia, akapima, akaandika. Kisha akaja kwenye magunia yetu. Alifungua la kwanza. Hakutia mkono. Aliinama kidogo, akasimama wima. Akafungua la pili, akainama, akasimama.

"Mzee, haya yananuka rangi."

Nilimwambia ni gari linalonuka, siyo majani. Nilisema mengi. Nilitaja fizikia, nadhani.

"Pua yangu haijui tofauti," alisema, na hakuwa na ubaya wowote. "Nikiyamwaga pamoja na ya watu, kiwanda kitarudisha lori nzima. Nisamehe, mzee wangu. Gari lakini ni safi sana."

Watu wote kwenye foleni walijua kabla hajamaliza sentensi. Mtoto wa darasa la pili hapa kwetu anajua kwamba majani ya chai ni kama maziwa, yananyonya harufu ya chochote kilicho karibu. Mzee alikuwa hapakii vitunguu. Hapakii sabuni. Siku moja alimwacha mchungaji mzima pale Sotik na jerikeni yake ya mafuta taa, akamwambia kwa heshima kwamba ataombewa njiani. Karai lilioshwa kwa maji matupu, bila sabuni, likafutwa kwa majani makavu ya mgomba, na aliyekuwa analiosha kila Jumatatu miaka kumi na miwili ni mimi. Nilijua. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimeangalia chuma, na nikasahau chuma kilikuwa cha nini.

Nilirudisha magunia kwenye karai. Hayakuwa mazito. Sikuwa na hasira, sikuwa na aibu, hata yule dada nilimtakia siku njema. Niliwasha gari. Tulipofika kwenye mikaratusi, pale barabara inapopinda na nyumbani hapaonekani, jirani yangu, ambaye kwa mara ya kwanza tangu ubatizo wake alikuwa amenyamaza kwa dakika tano, akaniambia nisimame.

"Mwaga hapo kwa mtaro."

"Mama atauliza."

"Atakuuliza wewe, kijana. Mimi sijaona kitu. Nilikuwa mbele nimepakata kikapu."

Mimi ni mtu wa kutia chumvi. Nimewahi kumwambia mteja kwamba msumari wetu mmoja ulishikilia daraja. Lakini kutia chumvi ni kuongeza juu ya kitu kilichopo. Hii ilikuwa tofauti, na nilijua ni tofauti, na nikaifanya. Tulimwaga magunia yote manne kwenye mtaro, tukayakung'uta, tukayakunja. Majani yalikaa pale kijani kibichi kama godoro. Jirani alishuka kwake bila kuaga vizuri.

Mama alikuwa jikoni. Nilisimama mlangoni nikamwambia yamepokelewa. Na kwa kuwa sijui kusema kitu kifupi, nikaendelea. Nikamwambia karani alisifu uchumaji. Nikamwambia mshale wa mizani uliruka, kwamba watu kwenye foleni walivua kofia, kwamba meneja wa kituo ametaka kujua ni nani fundi. Mama alimimina chai kwenye vikombe viwili. Alisukuma kimoja upande wangu. Nyumbani tunaongea Kikipsigis, na maneno yake hapa nimeyaleta kwa Kiswahili kadiri nilivyoweza, ila kwa lugha yetu yalikuwa machache zaidi.

"Yamekataliwa," alisema.

Nikamuuliza ni nani amempigia simu.

"Hakuna. Nilisikia harufu asubuhi. Mkono wangu ulikuwa na rangi."

Nilikaa. Nilikumbuka alivyomweka jirani mbele na kikapu chake, na nikaona kwamba alikuwa ameokoa majani ya mtu mwingine na kuyaacha yake yaende. Mama ni mtu anayeinama kuokota jani moja likidondoka njiani. Namjua miaka arobaini na moja na sijawahi kumwona akipita jani.

"Si ungeniambia."

"Ningekuambia ungengoja wiki ikauke. Halafu yangepokelewa, na ingebaki."

Alipuliza chai yake.

"Kila jioni ukiiwasha mimi nainuka nikafungue geti. Nafika katikati ya uwanja ndio nakumbuka. Narudi. Kesho ukiwasha, nainuka tena. Sijiambii, miguu inaenda yenyewe." Alikunywa kidogo. "Nimechoka kuinuka."

Mimi nilikuwa nikiiwasha nikiwa nimeinama chini ya boneti, mgongo ukiwa upande wa uwanja. Wiki tano nzima, dakika kumi kila jioni, ili betri ishibe. Nilitafuta neno la kumwambia. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nimeongoza mazishi na harusi, na nilitafuta mfukoni kote sikupata hata moja.

"Umeyamwaga wapi?" akauliza.

"Kwa mtaro. Kwenye mikaratusi."

"Lete magunia."

Tulienda kwa miguu. Alichukua mawili, nikachukua mawili. Tuliinama kwenye mtaro mimi na yeye tukayaokota majani, konzi kwa konzi, pamoja na majani makavu ya mikaratusi yaliyoingia katikati, ambayo aliyatoa moja moja ingawa hayangedhuru kitu. Pikipiki zilipita, watu wakasalimia, tukaitikia. Mvua ilianza ile nyembamba isiyolowesha haraka. Tulibeba mpaka kwenye migomba nyuma ya nyumba, tukayamwaga kwenye mashina, akayasawazisha kwa mguu. Hata hapo yalikuwa yananuka rangi.

Jioni hiyo sikuiwasha. Wala kesho yake.

Mtu wa Nakuru alikuja Jumamosi iliyofuata saa nne asubuhi na lori lenye mbao za kupandishia. Alipoiona rangi alivua kofia yake ya sufu. Aliizunguka mara tano safari hii. Aligusa karai kwa ndani, na wakati huo ilikuwa imekauka kabisa, ngumu, inang'aa, akaniambia hajawahi kuona mtu wa shamba akipaka mpaka kwenye kona. Nilimwambia nilitumia galoni arobaini. Akacheka. Dereva wake alitaka kuipandisha lakini nikamwambia hataweza, gia ya pili inataka kubembelezwa, ukiilazimisha inakurudisha kwenye ya kwanza. Nikaingia mwenyewe. Nikaipandisha juu ya mbao mara moja, bila kuzima, nikavuta breki ya mkono, nikakaa humo kidogo injini ikiwa inafanya kazi. Nilijaribu tena kungoja. Kilichokuja ni kwamba tapeti za silinda ya tatu zilikuwa zimenyamaza. Nikazima, nikashuka, nikampa ufunguo, nikamweleza habari ya gia na habari ya tapeti, na kwamba asitumie plagi za bei rahisi.

Zile karatasi za Mzee sikuzitoa chini ya mkeka. Nilikuwa nimepanga kuzitoa. Sijui kama nilisahau au nilifanya nini.

Mama ndiye aliyefungua geti. Alilishika wazi mpaka lori likapita lote, mpaka taa za nyuma zikafika barabarani, kisha akalifunga kwa ule waya wetu, akarudi jikoni kuangalia maziwa. Nilichukua sabuni ya unga na mchanga nikaosha mikono kwenye mfereji. Mafuta ya gari yana tabia ya kubaki kwenye mistari ya viganja.

Mchana tulihamisha ng'ombe mmoja, yule mwenye mimba, kwenye nafasi ile. Nilimwaga majivu na majani makavu mahali palipokuwa na mafuta. Ng'ombe alisimama mlangoni akakataa kuingia. Nilimvuta kwa kamba, Mama akamsukuma kwa nyuma, akakataa. Siku ya pili akakataa. Siku ya tatu nilipotoka kazini nilimkuta ndani amelala, anacheua.